FOLENI MOJA, BARUA MBILI ZA ONYO

Ndugu wafanyi kazi wa viwanja vya ndege,

Katika karatasi hii yetu tumezoea kusoma habari za mishahara, saa za ziada na likizo. Hayo ni mambo makubwa, wala sisemi tuyaache. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni foleni ya abiria wanaopanda ndege. Ni nani atangulie, ni nani angoje, na ni kazi ya nani kumwambia mtu, "Bwana, zamu yako bado." Mtu asiyefanya kazi mlangoni atacheka akisikia habari hii. Sisi tunaosimama pale hatucheki, kwa sababu foleni hiyo imekwisha kutuletea matusi, machozi na barua za onyo.

Nitaeleza mambo mawili yaliyotokea mahali nifanyapo kazi, yote katika juma moja. Sitataja kampuni wala mtu, kwa maana shabaha yangu si kumwaibisha mtu bali kuonyesha ugonjwa ulipo.

Siku ya kwanza, karani mwenzetu wa kike alikuwa mlangoni peke yake, na ndege ya jioni ilikuwa imejaa. Alikuwa ameita abiria wenye viti vya magurudumu na wazazi wenye watoto wachanga. Bwana mmoja akapita kando ya watu wote, akamwekea kadi yake mezani. Kadi ilikuwa ya kundi la nne. Mwenzetu akamwambia kwa adabu, "Samahani mzee, tafadhali ngoja kidogo, kundi lako litaitwa." Yule bwana akajibu kwa neno tunalolijua sote: "Wewe msichana, unajua mimi ni nani?" Akatoa simu, akapiga. Dakika tano hazikupita, msimamizi akaja mbio, akaomba radhi, akampitisha yule bwana mbele ya mama mzee ambaye bado alikuwa akisukumwa kuelekea mlangoni. Kesho yake mwenzetu akapewa barua. Alitakiwa ajieleze kwa nini alimkosea mteja heshima.

Siku tatu baadaye, karani mwingine, kijana aliyekuwa ameisikia habari hiyo, akaona bwana wa namna ile ile anakuja kando ya foleni. Akasema moyoni mwake, "Mimi sitaki barua." Akampisha. Lakini abiria mmoja aliyekuwa amelipa fedha zaidi ili atangulie aliona, akaandika malalamiko. Kijana naye akapata barua. Alitakiwa ajieleze kwa nini hakufuata utaratibu wa kupandisha abiria.

Ndugu zangu, zisomeni barua hizo mbili kwa pamoja. Aliyeshika sheria ameonywa, na aliyeiacha sheria ameonywa. Basi sheria yenyewe iko wapi? Mimi nasema haikuwapo. Kilichokuwapo ni ahadi iliyouzwa ofisini, kisha ikaachwa mlangoni ijitetee yenyewe kwa kinywa cha karani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Utaratibu wa kutangulia ndegeni usimamiwe kweli kweli, kila siku na kwa kila mtu. Lakini mwenye kuusimamia awe ni kampuni iliyoutunga na kuuza nafasi zake, wala si karani peke yake. Na anayetangulia wa kwanza kabisa awe ni mwenye haja, kabla ya mwenye fedha.

Mtu aweza kuuliza, kiti kina namba, na wote watafika saa moja. Haraka ya nini? Aulizaye hivyo hajatazama makabati ya mizigo yaliyo juu ya vichwa vya abiria. Mwaka wa 2008 kampuni ya American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa mfuko wa kwanza unaowekwa tumboni mwa ndege. Ilikuwa ya kwanza miongoni mwa kampuni kubwa za Marekani kufanya hivyo, na nyingine zikaifuata. Abiria nao wakapiga hesabu yao, wakaanza kuingia na mizigo mikononi. Makabati yakawa yanajaa kabla watu wote hawajaingia, na anayeingia mwisho ananyang'anywa mfuko wake mlangoni upelekwe chini. Tangu hapo nafasi ya kutangulia ikawa na thamani ya fedha. Ulaya, kampuni ya Ryanair huuza kutangulia pamoja na ruhusa ya kuingia na mfuko wa pili. Kwa hiyo watu wanaotusukuma mlangoni si wendawazimu. Wanagombea nafasi ambayo kampuni zenyewe zimeifanya iwe haba.

Wakubwa wengine hutuambia ya kuwa makundi haya yamewekwa ili ndege ijae upesi. Hapo yafaa tuwe na macho. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jason Steffen, aliandika juu ya jambo hili mwaka wa 2008. Baadaye yeye na mwenzake wakafanya jaribio kwa abiria 72 katika mfano wa ndege, na habari zake zikachapwa mwaka wa 2012. Waliona ya kuwa kuwaingiza watu kwa mafungu ya safu za viti kulichukua muda mrefu kuliko kuwaacha waingie bila mpango wo wote. Njia ya kuanza na wakaao dirishani ilikuwa bora kuliko hizo mbili. Kampuni ya United ilianza njia hiyo ya dirishani kwanza mnamo Oktoba 2023 kwa abiria wa daraja la kawaida, lakini wenye kadi za heshima na waliolipa zaidi bado hutangulia mbele yao. Maana yake ni kwamba kule kutangulia si habari ya saa. Ni biashara. Mimi siichukii biashara, kwa kuwa ndiyo inayolipa mshahara wangu. Lakini mwenye duka ndiye anayeajiri mlinzi wa duka lake. Hamwambii karani wa hesabu, "Ukiona mwizi, pigana naye; akikushinda nitakukata mshahara, na ukimshinda nitakukata vile vile kwa sababu umepiga kelele."

Sasa nataka kueleza ni nani wanaotaka kutangulia, kwa sababu wote hawafanani. Kuna wa namna tatu.

Wa kwanza ni mwenye haja: asiyeweza kutembea, asiyeona, mzee aliyechoka, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi. Huyu kutangulia ni haki yake. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, yasema ya kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia usafiri wa umma ipasavyo. Kifungu cha 57 chataka wazee waishi kwa heshima. Marekani, amri za serikali chini ya sheria ya mwaka wa 1986 zinazitaka kampuni zimtangulize mtu mwenye ulemavu anayesema pale mlangoni ya kuwa anahitaji muda zaidi au msaada. Nchi za Umoja wa Ulaya zina amri namba 1107 ya mwaka wa 2006, isemayo ya kuwa msaada wa namna hii utolewe bila malipo. Wala hatukungoja Wazungu watufundishe jambo hili. Kijijini kwetu, bombani, madebe hupangwa mstari mmoja, na mtoto mdogo hulinda debe lake kama askari. Lakini akija mama mjamzito hakuna anayemwuliza risiti. Hupishwa, naye hushukuru, na mstari huendelea.

Wa pili ni mnunuzi. Amelipa zaidi, au amesafiri mara nyingi na kampuni hiyo hiyo mpaka ikampa kadi. Kwake kutangulia ni deni, na deni hulipwa. Wenzetu wengine husema foleni ya fedha ni ubaguzi na tusiisimamie. Nasikia uchungu wao. Wazee wetu waliofanya kazi katika reli walijua foleni iliyopangwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika alikuwa wa daraja la tatu. Kiwanja cha Embakasi, ambacho leo kina jina la Jomo Kenyatta, kilifunguliwa mwaka wa 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la wafungwa wa siku za Hali ya Hatari, na wale waliokichimba hawakuitwa kupanda ndege katika kundi lo lote. Twajua ubaguzi ni nini. Lakini fedha iliyolipwa kwa bei iliyotangazwa kwa wote si sawa na rangi. Tukiona bei hiyo ni mbaya, tuipinge kwa mdomo na kwa kalamu. Tusimwadhibu abiria pale mlangoni kwa kununua alichouziwa.

Wa tatu ni mkubwa. Huyu hana haja wala hakununua. Ana cheo, au ana rafiki mwenye cheo, au ana sauti tu. Ulizo lake ni lile lile: "Unajua mimi ni nani?" Yeye hana haki wala hadai deni. Anachukua cha wengine, na anakichukua mbele ya macho ya watu mia moja na hamsini ambao, wakiona amefaulu, nao huanza kusukumana. Wenzangu wa mlangoni mtakuwa mashahidi wangu. Foleni haivunjwi na watu hamsini. Huvunjwa na mmoja aliyeruhusiwa, kisha hamsini wanamfuata.

Na anayeumia ni nani? Si yule mnunuzi, ambaye ataandika barua na kurudishiwa fedha zake. Anayeumia ni mwenye haja. Mama yule mzee niliyemtaja alikuwa ameitwa wa kwanza, lakini aliingia baada ya thelathini. Kijana aliyemsukuma, mfanyi kazi wa mwajiri mwingine aliyepewa kazi kwa kandarasi, alikuwa na abiria watatu wa viti na mikono miwili. Alipofika mlango wa ndege, njia ya katikati ilikuwa imejaa watu na mifuko. Ilibidi mama anyanyuliwe na kubanwa katikati ya mabega ya watu mpaka kitini. Nilimwona amefunika uso kwa leso yake. Hakulalamika, wala hakuna barua iliyoandikwa kwa ajili yake.

Wako wasemao ya kuwa wengine hudanganya, huomba kiti cha magurudumu ili watangulie, na wakifika waendako wanatembea kama vijana. Ni kweli jambo hilo liko. Mwaka wa 2024 Barry Biffle, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Frontier ya Marekani, alililalamikia hadharani. Lakini mimi nasema, karani asifanywe daktari. Ugonjwa wa moyo hauonekani usoni, na goti linalouma halina alama. Tumwulize mtu kwa upole anahitaji msaada wa namna gani, kisha tumsaidie. Afadhali waongo kumi wapite kuliko mgonjwa mmoja kusimamishwa mbele ya watu ajitetee kwa ugonjwa wake.

Tena wako wasemao mashine itamaliza ugomvi. Mnamo Oktoba 2024 American Airlines ilijaribu katika viwanja vitatu mashine inayolia mtu akileta kadi kabla ya kundi lake kuitwa, na Novemba ya mwaka ule ikatangaza ya kuwa inaipeleka katika viwanja zaidi ya 100 vya Marekani. Mimi naipenda mashine hiyo kwa jambo moja. Inasema "bado" kwa kila mtu kwa sauti moja, wala haina mjomba wala shemeji. Lakini hata huko karani ndiye anayeamua amrudishe mtu au ampitishe. Mashine ikilia na msimamizi akaja mbio kumpitisha mkubwa, tutakuwa tumenunua kengele ya kutangaza aibu yetu. Mashine ni msaidizi. Haiwezi kuwa ngao kama wakubwa wenyewe hawataki kusimama nyuma yake.

Hapa yafaa tuseme kweli juu yetu wenyewe pia. Wako miongoni mwetu wanaompitisha rafiki, ndugu wa kijijini au mtu aliyewapa kitu kidogo mkononi. Wako wanaosimama mlangoni wakiongea na simu huku foleni ikijipanga yenyewe. Wako wanaomjibu mzee kwa ukali kwa sababu tu wamechoka. Hatuwezi kwenda mbele ya Bwana Meneja kudai sheria moja kwa wote ikiwa sisi wenyewe tuna sheria ya pili mfukoni. Mkono mchafu haunyooshwi kuonyesha uchafu wa mwingine. Tuanze kwa kujisafisha, ndipo madai yetu yatakuwa na nguvu.

Basi tudai nini? Naomba mambo haya yapelekwe katika mkutano wa tawi, yazungumzwe, na yakikubaliwa yaingizwe katika mapatano yetu na waajiri.

1. Utaratibu wa kupanda uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, ubandikwe mlangoni mahali ambapo kila abiria anauona. Karani asilazimike kusema "mimi nasema", bali "imeandikwa".

2. Wenye haja waitwe kwanza, na wasiitwe wengine mpaka wamekaa vitini. Hapo ambapo abiria huchukuliwa kwa basi mpaka ndegeni, wapelekwe kwa safari yao ya mbele. Anayeingizwa basini wa kwanza husukumwa ndani kabisa, akatoka wa mwisho. Kutangulia kwa namna hiyo ni jina tu.

3. Ndege kubwa isipandishwe na karani mmoja. Mmoja atazame kadi, mwingine atazame foleni. Na wasukumaji wa viti waongezwe, hata kama mwajiri wao ni mwingine, kwa sababu mzigo wao ukizidi ni foleni yetu inayovunjika.

4. Msimamizi akitaka kumpitisha mtu nje ya zamu, aandike jina lake na sababu katika kitabu, atie sahihi. Naamini watakaotiwa sahihi watakuwa wachache.

5. Mfanyi kazi ye yote asiadhibiwe kwa kushika utaratibu ulioandikwa. Na akishtakiwa, asikilizwe kwanza. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007, kifungu cha 41, yasema ya kuwa mwajiri, kabla hajamfukuza mtu kwa kosa, hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyi kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale pale. Sisi twataka njia hiyo hiyo ifuatwe hata kwa barua ya onyo, maana barua mbili au tatu ndizo ngazi ya kufukuzwa.

6. Abiria atakayemtukana au kumsukuma karani achukuliwe hatua na kampuni, wala asiombwe radhi na kampuni.

Hili la sita si ndoto. Marekani, makarani wa abiria walio katika chama cha CWA walipigania ulinzi kwa sababu wenzao walikuwa wakipigwa makofi na kutemewa mate milangoni. Sheria ya safari za ndege ya mwaka wa 2018 huko ikazilazimisha kampuni ziwe na mpango wa maandishi wa kuzuia makarani wasipigwe na kuwasaidia wanapopigwa. Mwaka wa 2019 Shirika la Kazi Duniani likatoa Mkataba namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, nao watambua ya kuwa ukatili waweza kutoka hata kwa watu wasio wa kazi hiyo, kama wateja. Na Katiba yetu wenyewe, kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Sioni mahali palipoandikwa "isipokuwa yule anayesimama mlangoni".

Waajiri wakisema mambo haya yana gharama, tuwajibu kwa utulivu. Kila shilingi ya kutangulia mliyomtoza abiria ilikuwa ni bei ya foleni iliyonyoka. Sisi twaomba sehemu ya fedha hiyo ilipie kuinyosha.

Barua zile mbili bado ziko katika mafaili. Mwenzetu wa kike bado anasimama mlangoni, lakini sasa huyainua macho kila amwonapo mtu mwenye suti, kama mtu anayetazama mawingu. Kijana yule ameomba ahamishiwe kwenye mizigo. Naomba tawi lianze hapo, barua zote mbili ziondolewe, kwa sababu hatuwezi kuwaacha watu wawili wabebe kosa la sheria isiyokuwapo. Yakiisha hayo, twende mezani na yale mambo sita.

Nangoja maoni yenu katika toleo lijalo, hasa ya wenzetu wa viti vya magurudumu na wa Mombasa na Kisumu. Anayenipinga na aandike pia, tupate kujua ukweli.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
KARANI WA MLANGONI